Siku Tuliyopekua Lori la Mizinga

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Wewe uliyelala chali na miguu umeipandisha ukutani, keti. Sitaki kusomwa na mtu aliyelala. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo kila mstari umenitoa jasho. Heshimuni jasho.

Kila Krismasi mkija nyumbani mnaniuliza, "Nyanya, ni kweli ulikuwa polisi?" Sikuwa polisi. Sikuwahi kuvaa ile kofia wala kumpigia mtu saluti. Mimi nilikuwa mama wa kupekua. Miaka hiyo ya sitini na sabini polisi wa kike walikuwa haba kama mvua ya Voi, na askari mwanaume hakuruhusiwa kumpapasa mwanamke. Basi kukawa na mama mmoja wa kuitwa kila akishikwa mwanamke. Kituo chenyewe sikitaji, maana wale niliofanya nao kazi wengine wako hai na wana wajukuu kama nyinyi.

Kazi niliipatia kwenye sufuria. Nilikuwa nauza chai na mahamri kando ya barabara karibu na kituo, na siku moja akatoka Sajini Wafula, mtu wa Magharibi, mrefu, akicheka unamsikia ukiwa stesheni ya treni.

"Mama, mikono yako ni safi?"

"Safi kuliko yako, afande."

"Basi ipanguse uje ndani. Kuna mwanamke amekaa kama kuku anayeatamia na hatujui anaatamia nini."

Nikaingia na aproni yangu. Yule mwanamke alikuwa amejifunga bangili za pembe za ndovu mapajani, kubwa, hata kufunga magoti hawezi. Nilipozitoa, Wafula akasema, "Kesho usilete chai. Njoo wewe tu." Chai nikaendelea kuileta, maana mshahara wa serikali ulikuwa unachelewa na watoto hawachelewi kula.

Huyo Wafula ndiye mwalimu wangu. Nitawaambia alivyonifundisha, halafu mfanye mnavyotaka. Anza na miguu, maana kila mwizi anadhani utaanza kifuani. Pasha mikono moto kwanza, mwanamke akiguswa na mkono wa baridi anaruka hata kama hana kosa. Ongea naye habari za watoto, usimtajie wizi. Na sikiliza pumzi. Mkono wako ukikaribia kitu, pumzi inakatika, hata awe jasiri namna gani. Lakini kubwa kuliko yote alikuwa akisema hivi: "Mtu akisimama anajilinda. Akitembea anajilinda. Mkaribishe kiti, uone anavyokaa. Hapo ndipo mtu hujisahau."

Si kwamba yeye hakukosea. Alikosea vizuri sana. Wakati watalii walipoanza kujaa pwani na kila mtu akawa anataka kununua kitu cha zamani, tuliambiwa tuwe macho na vigoda, vibuyu, shanga, ngoma, chochote kilichoibwa kwenye nyumba za makumbusho. Wafula akasikia hivyo, kesho yake akamshika ajuza mmoja sokoni Mwatate na kigoda chake cha miguu mitatu. Kigoda cheusi, kimeng'aa. Akasema hiki ni cha makumbusho.

"Ni cha matako yangu," ajuza akamjibu. "Mume wangu alinichongea kabla baba yako hajaota ndevu."

"Mama, kitabaki kituoni tukichunguza."

"Basi na mimi ninabaki. Mimi na hicho hatuachani."

Akaketi juu ya kigoda chake mlangoni pa kituo, akashinda hapo, kila raia anayeingia anamwambia, "Karibu, hapa wanashika viti." Jioni Wafula mwenyewe akakibeba kile kigoda begani mpaka kwake, ajuza mbele, sajini nyuma, na watoto wa mtaa wanafuata. Tangu siku hiyo akaacha kudhani kila kitu kikuukuu kimeibwa.

Sasa niwaambie ile kubwa. Ile ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona bora niweke chini hata sufuria niliyoshika.

Kule mlimani kwetu Taita, upande wa Ronge, watu walikuwa wamejichangia wakajenga nyumba ndogo ya makumbusho. Ukuta wa mawe, paa la bati, mlango mmoja. Ndani wakaweka vitu vya wazee: ngao, mishale, vyungu, mavazi ya ngozi. Na katikati ikakaa ngoma kuu, ngoma ya Mwazindika, ile inayopigwa kutuliza pepo. Nzito, imechongwa kutoka gogo zima, ukiipiga unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Mlinzi wake alikuwa shemeji yangu Mwakio, mume wa mdogo wangu Mghoi. Mtu mpole, mnyoofu, kazi yake kukaa mlangoni na kuimba nyimbo za kanisa kutwa. Sauti haikuwa nzuri, lakini ilikuwa kubwa.

Asubuhi moja Mwakio akafungua mlango, ngoma haipo! Kufuli nzima. Mlango mzima. Nyumba yenyewe haina dirisha. Na ufunguo ulikuwa mmoja tu, shingoni mwa Mwakio.

Mnaona wenyewe. Wazee wa kamati hawakuuliza mara mbili. Wakamkabidhi kwa askari, na mdogo wangu Mghoi akaja kwangu na watoto wake, macho yamevimba.

"Dada, wanasema kesi ikisikizwa atafungwa miaka. Wewe unafanya kazi na polisi. Fanya kitu."

"Mimi napekua wanawake, Mghoi. Sihukumu watu."

"Basi tafuta mwanamke aliyeficha ngoma!"

Alisema kwa hasira tu. Hakujua.

Ofisi ya makumbusho ikamtuma kijana mmoja, Salim, mtoto wa Mombasa, mstaarabu, miwani mikubwa, kila sentensi lazima aanze na "samahani." Mimi nilidhani atatulilia hapo na kurudi. Kumbe huyo kijana alikuwa na moto! Alikuja na picha za ngoma, mbele, nyuma, chini. Akatukalisha mimi na Wafula na askari wengine, akatufundisha.

"Samahani, mama. Kuiba ngoma si kazi. Kazi ni kuisafirisha. Mwizi hawezi kuiuza hapa, kila mtu anaijua. Lazima aipeleke kwa mnunuzi, na njiani lazima aivalishe nguo nyingine. Msitafute ngoma. Tafuteni kitu kinachojifanya si ngoma."

Akatukataza kabisa tusiseme redioni wala sokoni kwamba tunatafuta. Alisema mnunuzi akisikia kelele, anatoroka, na ngoma inachomwa moto kuficha ushahidi. Akaenda mwenyewe pwani kwa wauza vinyago, akanywa nao kahawa, akarudi na neno moja: kuna bwana anayesubiri ngoma kubwa upande wa Taveta, avushe mpaka.

Taveta! Basi njia ni moja. Tukaweka kizuizi Mraru, kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta, mahali ambapo hakuna pa kuchepukia ila kwa simba. Tukapekua kila kitu. Magunia ya mahindi tulimwaga. Mapipa tulifungua. Vumbi jekundu lilitupaka mpaka mdomoni, Salim miwani yake ikawa kama matofali. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Wafula akaanza kunung'unika, na mimi nikawa namuona Mghoi kila nikifumba macho.

Ndipo likaja lile lori. Mchana, jua kali, lori la zamani, limepakia mizinga ya nyuki. Ile mizinga yetu ya magogo, imefunikwa pande mbili kwa vifuniko vya mbao, imepangwa kama maiti. Dereva alikuwa Mwadime, mrina asali wa karibu na Voi, tunamfahamu wote. Juu ya mzigo, mke wake Mkamburi, bado binti mdogo, mtoto wake mgongoni.

"Mwadime, unahama?" Wafula akamuuliza.

"Nahamisha nyuki, afande. Huku maua yamekauka. Napeleka Mboghoni, kule Taveta, kwenye mashamba ya kumwagilia, kule ndizi zinachanua mwaka mzima."

"Fungua mmoja tuone."

"Nifungue?" Mwadime akacheka. "Afande, humo mna nyuki wazima, wamepigwa na jua na wamerushwa na barabara. Mimi nitafungua, lakini wacha niwashe lori kwanza. Nyinyi mtakimbia kwa miguu."

Wafula akagonga mzinga mmoja kwa rungu. Mlio uliotoka ndani ulikuwa kama wa tingatinga. Akaruka nyuma hatua nne, kofia ikaanguka. Askari wote wakasogea mbali, kila mmoja akawa ghafla ameona kitu cha muhimu upande wa pili wa barabara.

"Haya, mama," Wafula akaniambia kwa mbali, "mpekue yule mke wake tuwaachie waende."

Nikapanda. Nyuki wananguruma ndani ya kila mzinga, nami nakanyaga mbao za ubavuni tu. Mkamburi alikuwa ameketi amejinyoosha juu ya mzinga mmoja uliofungwa kitambaa chekundu, ameuegemea hata na mkono. Nikapasha mikono yangu. Nikaanza na miguu. Nikamuuliza mtoto ana meno mangapi. Hana kitu. Leso yake, hana kitu. Kitambaa cha mtoto, kuna kile cha mtoto tu. Nikataka kushuka.

Halafu nikamuangalia alivyokaa.

Nyinyi wa siku hizi hamjui, kwa hivyo nawaambia. Sisi tuliolelewa huku, Mtaita au Mkamba, mwanamke hakugusa mzinga. Mzinga ni wa wanaume. Bibi yangu akiona mzinga uko njiani unangoja kutundikwa, alizunguka vichakani na mzigo wake wa kuni. Mwanamke akiugusa, nyuki wanahama, na mume hana asali ya kupeleka ukweni. Mambo hayo tuliyanyonya na maziwa. Hukuhitaji kukatazwa. Mguu wenyewe ulikuwa unakwepa.

Na huyu, mke wa mrina asali, ameukalia!

Sikupiga kelele. Nikamwambia kwa upole, kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, "Mwanangu, sijamaliza. Sogea kidogo, keti kwenye ule mwingine hapo, mgongo wako niuone."

Akaangalia ule mwingine kama nimemwambia akalie moto. "Ule? Siwezi, mama! Mzinga ule! Mimi mwanamke!"

"Na huo uliokalia ni nini?"

Pumzi ikakatika. Haki ya Mungu niliisikia, na nyuki wote wale wakinguruma. Akaangalia chini, akaangalia kitambaa chekundu, akainuka kama ameungua. Chini Mwadime akaita, "Huo ni mtupu! Huo hauna nyuki!"

"Mtupu au umejaa, mzinga ni mzinga," nikamjibu. "Wafula! Rudi hapa! Huu hauumi!"

Walipoushusha, walihitaji wanaume wanne. Nje wameupaka matope na nta, vifuniko vimepigiliwa misumari mipya. Salim akang'oa kifuniko, akawasha tochi, akaingiza kichwa chote ndani. Tukangoja. Tukasikia sauti yake kutoka ndani ya gogo, "Samahani! Samahani! Ni yenyewe!" Akainua kichwa kwa furaha akajigonga, miwani ikabaki ndani. Ngozi walikuwa wameikata, lakini ukingoni, pale ngozi ilipokuwa imefunika, kulikuwa na namba ya makumbusho kwa wino mwekundu. Waliokuwa wamekwangua ile ya chini hawakujua kwamba ofisi ya kina Salim huandika mahali pawili. Salim alimkumbatia Wafula. Wafula hakujua mikono aiweke wapi.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuimba. Nikasema Mwakio yuko huru!

Mwadime akasema, "Hiyo ngoma aliniuzia Mwakio."

Wimbo ukanikwama. Alisema hivyo akiniangalia usoni, na alijua ni shemeji yangu. "Mwakio alifungua kwa ufunguo wake akanipa. Kwani kufuli ilivunjwa? Mimi ni mnunuzi tu."

Wafula akanivuta kando. Akaniambia polepole, "Mama, sikiliza. Ngoma tumepata. Lakini kwa maneno haya, shemeji yako ameingia zaidi. Tunamhitaji yule bwana wa Taveta. Yeye ndiye anajua iliibwa vipi."

Nikamrudia Mkamburi. Alikuwa chini kando ya gurudumu, ananyonyesha. Nikaketi naye mavumbini.

"Mkamburi, mume wako anampeleka mtu gerezani."

"Sitasema neno juu ya mume wangu, mama. Usiniombe hilo."

"Sikuombi. Mimi pia nina mume. Lakini Mwakio ana watoto, wa mwisho analingana na huyu wako. Nionyeshe tu mahali lori linangojwa. Mahali si mume wako."

Akamnyonyesha mtoto mpaka akashiba. Akasema, "Mboghoni, penye mfereji mkubwa, shamba la ndizi lenye kibanda cha makuti. Atafuata kitambaa chekundu."

Mbio zilizofuata! Mwadime akabaki Mraru na pingu. Konstebo mmoja akavaa shati lake na kofia yake iliyonuka moshi. Ngoma ikaenda na Salim kwenye gari la polisi, amekaa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Na kile kitambaa chekundu, Wafula mwenyewe akakifunga kwenye mzinga mwingine. Ule aliougonga kwa rungu. Ule uliokuwa na hasira kuliko yote.

Mimi na Mkamburi tulipanda mbele na konstebo. Barabara ile ya kupita mbugani siku hizo ilikuwa mashimo matupu, kila shimo nyuki wanajibu nyuma yetu. Konstebo anasali kwa Kikamba, mimi kwa Kidawida. Ndovu walisimama njiani tukawangoja, na hakuna aliyethubutu kupiga honi.

Mboghoni, baada ya vumbi lile lote, ni kijani mpaka macho yanauma. Maji yanaenda kwenye mifereji, ndizi zimeinama. Wafula na wenzake walikuwa wamezunguka, wameshaingia katikati ya migomba na kulala kifudifudi. Kwenye kibanda alikuwepo yule bwana. Mnangoja niseme mzungu. Hakuwa mzungu. Alikuwa mtu wetu, wa mjini, shati jeupe, viatu vinang'aa, pikapu mpya.

"Mwadime yuko wapi?" akauliza.

"Amebaki Mraru," konstebo akamjibu. Hakudanganya.

"Na nyinyi ni nani?"

"Mimi nimekuja na huyu binti na mtoto wake," nikasema. "Barabara ni mbaya." Na mimi sikudanganya. Kudanganya siwezi, uso unanisaliti, Wafula alikuwa ameniambia niseme kweli tu lakini niseme kidogo.

"Mzigo uko?"

"Mizinga iko hapo juu. Jionee mwenyewe."

Akapanda. Akaona kitambaa chekundu, akatabasamu. Mimi nilimshika Mkamburi mkono, nikaanza kurudi nyuma polepole mpaka mlango wa kibanda. Yule bwana akaushika mzinga, akasikia mlio. Akadhani ni wa jirani. Akang'oa kifuniko kwa bisibisi yake nzuri, akaingiza mkono wote mpaka begani kupapasa ile ngoma.

Vijana, sijawahi kusikia mtu mzima akilia hivyo!

Alishuka kwenye lori bila kutumia ngazi wala mlango. Alipita mbele yetu amevaa nyuki kama koti. Kiatu kimoja huku, kingine kule. Akaruka kwenye mfereji, chubwi! Nyuki wakakaa juu ya maji wanamngoja. Na sisi wengine msidhani tulibaki salama. Nyuki hawajui nani polisi nani mwizi. Askari waliamka kutoka migombani wanapiga hewa kwa marungu, konstebo amejifunika kofia usoni anagongana na migomba, mimi nimemfunika Mkamburi na mtoto kwa leso yangu na mgongo wangu unachomwa kama napigwa pasi.

Wafula, jicho moja limeshavimba, akachutama kando ya mfereji.

"Toka, bwana. Umekamatwa."

"Sitoki!" Kichwa kikazama. Kikaibuka. "Waondoeni kwanza!"

"Nyuki si wangu. Ngoma iliibwa vipi?"

"Sijui ngo..." Nyuki wakashuka, akazama. Akaibuka anatema maji. "Mwadime ameniua! Mshenzi! Atafungwa yeye!"

"Kwa nini yeye?"

"Si ndiye alipanda juu! Yeye na wenzake walifungua bati la nyuma wakaivuta kwa kamba, wakarudishia bati!" Akazama tena.

Nikasahau mgongo wangu. Nikapiga magoti matopeni kando ya Wafula, nikamsubiri yule mtu aibuke, na alipoibuka nikamuuliza kwa sauti ambayo ilisikika mpaka Tanzania, "Na mlinzi? Mlinzi alijua?"

"Mlinzi gani!" akalia. "Mlinzi jioni hiyo alikuwa mlangoni, ameshafunga, anaimba nyimbo za kanisa! Ndiyo maana hakusikia nyundo!"

Wafula akaanza kucheka. Alicheka na jicho lake moja mpaka akaketi kwenye maji. Askari wote walikuwa wamesikia, na Salim alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, anaandika kila neno huku anagonga kioo kwa furaha. Yule bwana alitoka mferejini jua likielekea kushuka, uso kama andazi lililozidi hamira.

Kule mlimani walipanda juu ya paa, wakakuta bati la nyuma limepigiliwa misumari mipya, haifanani na mingine. Mwadime alipoambiwa yaliyosemwa majini, naye akasema. Mkamburi hakuulizwa kitu, nilihakikisha. Baadaye alirudi kwao Mbololo akafungua duka la mboga, na mpaka leo tunasalimiana. Ngoma wazee waliiwamba ngozi mpya, Salim amesimama pembeni anawaambia, "Samahani, polepole." Paa la ile nyumba likawekewa dari ya mbao nene.

Lakini hilo silo nililotaka kuwaambia mwisho.

Mwakio alipoachiliwa alikuja moja kwa moja kwangu, mchana, siku ya soko. Amekonda, shati linamning'inia. Mghoi alimshika hakuachia. Mimi nilikuwa siwezi hata kuegemea kiti kwa ajili ya mgongo. Tulimpa uji, akaushika tu.

"Shemeji, asante," akasema. "Nitakaa hapa mpaka giza liingie. Halafu nitapita njia ya nyuma, ya mtoni, nifike nyumbani."

"Kwa nini ya nyuma?"

"Watu wako sokoni. Waliniona nikipitishwa na pingu. Watoto walinirushia maganda."

Watoto wangu wakaangalia chini. Baba yao akawa anachezea ufito wa ukuta. Nikajua basi, hata ndani ya nyumba yangu kulikuwa na waliomsema. Nikainuka, nikamnyang'anya Mwakio kikombe.

"Baba watoto, vaa koti la harusi. Nyinyi, ogeni, vaeni nguo za kanisani, na viatu. Mghoi, jifunge leso mpya, iko kwenye sanduku langu. Tunampeleka Mwakio kwake sasa hivi, katikati ya soko, yeye mbele. Mwakio, utaimba, na sisi tutaitikia. Atakayeinamisha kichwa asirudi kula kwangu."